Aliyesoma kwa Jina la Eva

Kule Gendabi, mtoto akifaulu darasa la saba asiende sekondari, nafasi yake hailali. Jirani anaichukua, na jina pamoja nayo. Watu hawakuona kosa hapo. Kosa waliliona kuacha dawati wazi wakati serikali imeshalitoa. Ndivyo Irene, binti wa mfugaji Gidahosh, alivyoingia kidato cha kwanza akiitwa Eva Tluway. Yeye alikuwa amefeli. Eva, binti wa mkulima waliyepakana naye, alifaulu, lakini mama yake aliugua, akabaki nyumbani kulea wadogo zake. Wazee wawili wakakaa, Gidahosh akatoa ndama jike, yakaisha. Mabinti wenyewe hakuna aliyewauliza, na Eva hata hakuambiwa ndama alikuwa wa nini.

Na Irene akasoma, jamani! Alivikamata vitabu kama mtu anayelipiza kisasi. Halafu ule urefu. Kila mlango aliuingia ameinama, na kocha Hilary alipomwona tu akamhamishia Arusha, kwenye shule yenye timu ya mpira wa kikapu. Uwanjani wakamwita Eva mpaka akazoea kugeuka. Video za mechi zikafika Marekani, na chuo kimoja kikamtaka: asome bure, ale bure, acheze. Gidahosh, ambaye hajawahi kusifia kitu zaidi ya ng'ombe, alicheka peke yake siku nzima.

Sasa hapo ndipo mambo yalipokwama. Wamarekani hawamchezeshi mtu kwa urefu peke yake. Wanataka waone alisoma wapi, alipata nini, na kwamba aliyesoma ndiye anayecheza. Irene akaenda kuomba kitambulisho cha taifa ili apate pasipoti, akataja jina la Eva. Akaambiwa Eva Tluway kitambulisho anacho, alama za vidole vyake zimeshachukuliwa, na anaishi Masieda, alikoolewa. Akafikiria kutumia jina lake la kuzaliwa. Irene Gidahosh yupo, ndiyo, ila huyo alifeli darasa la saba na hakusoma tena. Yaani kwa jina moja amesoma lakini si yeye, kwa jina la pili ni yeye lakini hajasoma. Ageukie wapi? Alilala na hilo, akaamka nalo, akaenda nalo mazoezini akawa anakosa hata mitupo ya kitoto.

Kocha Hilary akaja na njia. Eva aape mbele ya wakili kwamba jina alilojiandikishia kwenye kitambulisho si lake, achukue jingine.

"Huko Masieda nani anamwita Eva?" alisema. "Ni Mama Yonas. Jina la nini kwake?"

Irene alijua huo ni uongo wa kufunika uongo. Alijua pia kwamba chuo kimempa mpaka mwisho wa mwezi. Akapanda basi.

Alimkuta Eva nyuma ya nyumba akipura maharage. Akamwamkia mama mkwe shikamoo, akapewa kigoda na kikombe cha uji. Eva alifurahi kweli kumwona jirani wa utotoni, akamtania kwamba bado kidogo atang'oa paa. Irene akatafuta pa kuanzia, hakupaona. Basi Eva akaongea mwenyewe, fimbo ikipanda na kushuka. Mwaka jana, alisema, serikali ilitangaza wasichana walioacha shule warudi wasome. Mume wake akakubali. Akaenda na kitenge chake kipya, afisa elimu akatafuta kwenye kompyuta, akamwambia Eva Tluway alishamaliza kidato cha nne, asiwapotezee watu muda. Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Alirudi nyumbani, akavua kitenge, akashika jembe.

"Nilijua kuna mtu," Eva alisema bila kuinua macho. "Sikujua ni nani, mpaka ulipokuja hapa ukashindwa kunywa uji wangu."

Aibu ilimpanda Irene mpaka masikioni. Karatasi ya wakili ilikuwa ndani ya begi, miguuni pake, na mkono ukakataa kuigusa. Simu ikaita. Kocha alitaka kujua kama yule mama amekubali.

"Sijamwomba, kocha," Irene alisema. "Na simwombi. Jina lina mwenyewe, na analihitaji."

Kocha akamkumbusha kwamba bila jina hilo hana shule, hana chuo, hana timu. Irene akasema anajua, akakata. Palepale akatamani kumpigia tena amwambie alikuwa anatania. Alimwambia Eva kwamba kesho wataenda wote wawili kwa yule afisa, akaseme ukweli. Na huo ukweli utawasaidia nini, hakujua. Wangeweza kumfungulia kesi. Wangeweza kuyafuta matokeo yote, wabaki wote wawili na darasa la saba lao.

Eva akaendelea kupura kidogo, kisha akaiweka fimbo chini.

"Hisabati nilipata nini?"

"C," Irene akasema.

Eva akavuta kigoda chake karibu.

"Na Kiingereza?"

Irene akamtajia yote, somo moja moja, na kila alama Eva aliitamka tena polepole ili isimpotee.