Maji ya Mamba kwa Samaki wa Nakijwa

Hapa Same nikienda dukani kununua uzi lazima mtu aniulize, "Fundi, samaki hawajambo?" na wenzake waangue kicheko, na mimi nacheka nao maana nitafanyaje, aibu hii niliiagiza mwenyewe, tena kwa madumu.

Ni hivi. Mke wangu Nakijwa ni nesi, alihamishiwa kusini, mbali kweli, akaniachia nyumba, cherehani zangu na tangi lake la samaki pale sebuleni. Tangi hilo alilihangaikia. Alilijaza maji ya kisima cha hapa mjini (yale ya chumvichumvi, ukichemshia chai unayajua tu), akaliacha wiki kadhaa pampu inaunguruma bila samaki hata mmoja, mimi nikimcheka kwamba anafuga maji, kisha akaleta gapi wachache, vile visamaki vya mapambo, akangoja, akaleta wengine, na mwisho moli mmoja mweusi ambaye ndiye kipenzi chake. Kila akipiga simu ya video, salamu zikiisha ataniambia, "Baba Eliza, hebu nigeuzie kule" (Eliza ni binti yetu, yuko bweni), nami nawageuzia samaki simu, yeye anawatazama wao. Jamani, nilimkumbuka yule mwanamke hadi nikawa nalala upande wake wa kitanda.

Basi akapata likizo. Nikataka akiingia tu aone sikukaa bure, nikaalika jumuiya nzima ije kusali kwetu siku hiyohiyo ya kufika kwake, nikapika makande sufuria kubwa, halafu likanijia lile wazo. Sisi watu wa mlimani tuliohamia huku tambarare mnatujua, mgeni wa heshima hatumpikii chai kwa maji ya hapa, tunaagiza ya kwetu. Nikaagiza Mamba, kwetu kule mlimani, madumu yakaja juu ya gari la tangawizi, maji baridi, matamu, sabuni inatoa povu bila kubembelezwa. Nikayaonja, nikakumbuka nyumbani. Nikatazama tangi nikasema, na hawa maskini wanakunywa chumvi kila siku kwa kosa gani? Nikamwaga maji yote ya zamani kwenye mchicha, nikasugua mawe, ile sponji ya pampu yenye utelezi nikaifua kwa sabuni ikawa nyeupe, nikajaza maji ya Mamba hadi juu na samaki nikawarudisha wote kwa mpigo. Tangi liling'aa, nikalipiga na picha.

Jumuiya wakaja. Mama Naamini, kiongozi wetu, akaanza sala (sala zake ni ndefu, tunamjua), na mimi nikafumbua jicho moja kuchungulia tangi. Gapi walikuwa juu wanahema midomo wazi, wengine wamelala ubavu, na moli anajitikisatikisa palepale bila kwenda popote. Nikavumilia, nikashindwa. Nikainuka katikati ya sala, nikajaza beseni maji ya Mamba yaliyobaki, nikaanza kuwavua kwa kichujio cha chai, kiwiko kikagonga bomba la pampu na maji yakarukia mapaja ya mzee mmoja wa kanisa, naye akafumbua macho akaniuliza kwa upole, "Fundi, ndiyo kitoweo?"

Sala ikaishia hapo. Hapo nikang'amua wanataka maji yao ya chumvi, nafungua bomba la nyumba, halitoi kitu, siku ya mgao. Nikatoka mbio, beseni la samaki mikononi, futi ya kupimia shingoni, suruali imelowa mbele kama nimejikojolea, jumuiya nzima nyuma yangu, nagonga kwa jirani naomba maji ya chumvi (maji ambayo miaka yote nayasema vibaya), na bajaji ikasimama getini. Akashuka Nakijwa.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumpokea. Yaliyotoka ni, "Wanakufa."

Hakunikumbatia. Aliwaamkia wazee shikamoo, akanipokonya beseni, akaketi sakafuni na nguo zake za safari, akaomba kikombe na maji ya kisima kutoka simtanki la jirani, akawa anamimina kidogo, anangoja, anamimina tena. Watu wakala makande wakimtazama. Mama Naamini akanong'ona, "Huyu hata maji ya kunywa hajapewa." Ilikuwa kweli.

Gapi karibu wote walikufa. Moli alinyooka jioni. Wageni walipoondoka nikaomba msamaha, nikasema nilitaka tu waonje maji ya nyumbani.

"Baba Eliza, nyumbani kwao ni humu," akasema. "Wameshayazoea haya." Akaendelea bila kunitazama, "Na mimi nilitaka kukukuta wewe. Njia nzima nawaza tutakaa wawili, hata tusiongee. Wewe umenimwagia watu wote kwa mpigo."

Hapo ndipo aibu iliponiingia hasa. Ile ya kwa jirani ilikuwa mchezo.

Likizo imekwisha, amerudi kusini. Maji sasa nabadilisha kidogo kidogo, ya kisima, na sponji naisuuza kwa maji yaleyale ya tangi kama alivyonionyesha, kumbe ule utelezi ndio unaosafisha maji. Gapi wapya bado, tunangoja tangi litulie. Na safari ijayo akija sialiki mtu, nafunga geti na cherehani nazifunika.

Jana alipiga. Nikamgeuzia moli simu kama kawaida, akasema, "Hebu irudishe kwako kwanza." Nikairudisha, tukatazamana mpaka bando likaisha.