Mwerezi Uliofukuzwa Ndani

Msimu wa karafuu, kijiji chetu kizima cha Mtambile hunuka kitu kimoja. Harufu huingia kwenye mito ya kulalia, kwenye maji ya mtungi, hata kwenye kurasa za msahafu. Lakini msimu mmoja, mwishoni mwa miaka ya hamsini, uani kwetu kulikuwa na harufu ya pili. Ukiyafikicha majani ya mche uliokuwa kwenye kopo la samli, vidole vilinuka penseli iliyochongwa sasa hivi. Ulikuwa mwerezi, mti wa milimani. Aliyeniletea ni mjomba wangu Khamis, aliyefanya kazi ya misitu huko Lushoto. Alisema aliwahi kuona mti wa aina hiyo, mkongwe, umekaa ndani ya sahani ya udongo na urefu wake haupiti mkono. "Unakata ncha, unapunguza mizizi kila baada ya muda, nao unazeeka bila kurefuka," aliniambia. Zaidi ya hapo hakujua. Akarudi kazini kwake, akaniacha na kopo langu.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nami niliushika usemi huo kwa mikono miwili. Kwetu mtoto mchanga haachwi nje magharibi. Huingizwa ndani kabla ya adhana na mlango ukafungwa, mashetani wapitao saa ile wasije wakamgusa. Basi kila jioni niliuingiza mwerezi chumbani na kuufunika kanga ya bibi. Baadaye nikauogopea hata jua la mchana, nikauacha humo humo gizani. Maji niliunywesha kila nilipoukumbuka, na niliukumbuka mno. Haukupita muda ncha zake zikaanza kugeuka rangi ya kutu.

Nyakati zile wanawake wa jirani walikusanyika ukumbini kwetu baada ya isha kuchambua karafuu, kutenga punje na makonyo, vile vijiti vyake. Bi Time, jirani wa mlango wa pili, alikuwa na vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mdogo wangu Hamadi, mtoto mwembamba wa kukohoa kila siku, alikuwa amelala mkekani karibu yetu.

"Bi Mkasi," Bi Time akamwambia bibi yangu, "wewe una mtoto hakui, na chumbani umeweka mti uliokatazwa kukua. Unangoja uambiwe na nani?"

Wengine wakaacha kuchambua. Nikasema, bila kuulizwa, "Hamadi alikuwa hakui tangu mti uko Lushoto."

"Hilo limdomo litakukosesha mume!" akasema Bi Time, na wanawake wakacheka. Bibi hakucheka. Alinipiga kofi la mdomo, kisha akatoa hukumu: mti utoke ndani usiku ule ule, na karafuu zikimalizika kuanikwa, utiwe chini ya chungu pamoja na makumbi ya nazi.

Nilitii nusu. Nililitoa kopo nikaliweka juu ya jiwe pembeni mwa ua, lakini nikamwambia bibi kwamba siku ya kuuchoma anitafutie na mimi nafasi mekoni, tuungue pamoja. Kisha nikasimama kizingitini nikausomea Ayatul Kursi, kwa kuwa niliamini hautaamka hai. Siku zilizofuata tulikuwa kutwa nzima kwenye majamvi, tukigeuza karafuu na kuzikusanya mbio kila wingu lilipotanda, na sikupata hata nafasi ya kuutilia maji. Ulipata umande wa usiku, jua la asubuhi na upepo. Siku moja nikaona ncha mpya, za kijani kilichopauka, laini kama nywele za kichanga. Nikafahamu kwamba niliyekuwa nikiuua ni mimi na mapenzi yangu. Haukuwa kichanga. Ulikuwa mti, na mti hutaka mbingu.

Gunia la mwisho liliposhonwa, Bi Time alikuja mwenyewe kuangalia kama ahadi itatimizwa. Nilikuwa nimelikumbatia kopo.

"Bibi," nikasema, "mti umetoka ndani siku zote hizi. Hamadi kaacha kukohoa?"

Hamadi alijibu mwenyewe, kwa kikohozi kirefu. Bibi akamtazama, akautazama mwerezi, kisha akamgeukia jirani yake. "Time, huyu mtoto tumpeleke hospitali ya Chake. Na huo mti uacheni."

Hamadi alipewa dawa, na kwa rehema za Mola alirefuka mpaka akawa anainama milangoni. Mwerezi uliishi miaka kadhaa, ukauliwa na joto la kaskazi moja kali. Nilishukuru kwa muda tuliopewa, nikapanda mkwaju kwenye sahani, na tangu hapo sijakaa bila mti mdogo.

Leo vijana wananionyesha kwenye simu miti kama yangu, inauzwa ghali ughaibuni, na wananiita bibi mjuzi. Hospitali zimekaribia, shule zimejaa. Hata hivyo mtoto akidhoofu, bado wapo wanaotafuta kwanza wa kumlaumu. Juzi alikuja mgeni, mtu wa heshima, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuweka miti iliyodumazwa si kuzuri kwa wajukuu. Nilimkaribisha kitako. Nikamwambia anywe chai kwanza, kisha amtaje kwa jina mjukuu anayeumwa, tumpeleke kwa daktari sote wawili, sasa hivi.