Nilivyoifundisha kompyuta ya serikali kusema njoo kesho

Wakuu, heshima kwenu.

Naona vijana wa IT humu mnabishana namna ya kutengeneza system za serikali. Ngoja niwape yaliyonikuta Songea enzi za ruksa, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ni ya kweli. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi ya hii.

Nilikuwa nimemaliza form four, matokeo tuyaache. Nakaa Mjimwema kwa mama. Mimi ni mtu wa nyumbani, wakuu. Nikifika stendi tu, hata kama nimekwenda kununua betri, natamani kurudi.

Sasa baba mdogo alikuwa Tunduru kwenye biashara ya mawe ya vito. Akatuma salamu: "Shemeji, huyo kijana kama hana kazi mpakie basi, aje achimbe."

Na basi la Tunduru masika mnalijua. Lilikuwa linalala Namtumbo, likiamka linakwenda kulala mbele kidogo.

Mama akaniambia nikikosa kazi napanda. Nikaanza kutafuta kazi yoyote isiyo na safari.

Ndipo akaja mkandarasi mmoja, tulimwita Injinia. Amepata tenda kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa, aingize maombi ya viwanja kwenye kompyuta. Sanduku lenyewe zito kama gunia la mahindi, wamelifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni.

Injinia alikuwa na falsafa yake. "Sisi hatuwafundishi watu wa serikali kazi. Tunaangalia wanavyofanya, kompyuta inafanya vilevile."

Akanichukua. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye benchi la wateja, nitazame, halafu nimweleze kila hatua.

Kazi ya kukaa. Na mchana naenda kula kwa mama. Niliona kama nimezaliwa kwa ajili yake.

Basi nikamweleza Injinia. Mtu akija anaamkia kwanza, bila hivyo Mama Komba wa masijala hainui kichwa kwenye mafaili. Halafu anataja jina. Halafu anaambiwa mkuu yupo kikaoni, njoo kesho.

"Na kesho akija?"

"Hivyohivyo."

"Kila siku?"

"Kaka, huyo mkuu mimi namjua kwa koti tu. Liko kwenye kiti."

Injinia akaingiza yote. Hakuacha kitu.

Siku ya majaribio mkuu akatoka kikaoni, mzee wa makamo, mpole. Mama alishaniambia asubuhi: "Wakiikataa hiyo mashine yenu, Jumatatu unapanda basi." Begi alishalitoa uvunguni.

Mzee akakaa, skrini ikawaka: KARIBU. SALIMIA KWANZA.

Akaitazama. "Mimi niiamkie hii?"

"Ndio utaratibu wa ofisi, mzee," Injinia akasema.

"Imezaliwa lini?"

"Mwaka juzi, mzee."

"Basi ianze yenyewe."

Nikaona tutakesha. Nikainama pembeni yake, nikaandika shikamoo kwa niaba. Mashine ikajibu MARAHABA. Mzee akanitazama kama mtu aliyeibiwa kitu na hajui ni nini.

Ikaomba jina. Akaandika la kwake, kwa kidole kimoja, taratibu. Ikawaza, ikakoroma, ikaleta: MKUU YUPO KIKAONI. NJOO KESHO.

"Lakini mkuu ni mimi," akaiambia.

Skrini haikubadili msimamo.

Mimi hapo nilishaanza kusikia harufu ya basi la Tunduru, pamoja na kuku wa abiria.

Mama Komba ndiye aliyeanza kucheka, kanga mdomoni. "Mzee unisamehe. Lakini ni wewe kabisa."

"Nani kaifundisha maneno haya?"

Injinia akaninyooshea kidole. Sijawahi kumwona akifanya jambo kwa haraka vile.

"Kijana, ulikaa kwenye lile benchi muda gani?"

"Mpaka suruali ikaanza kung'aa, mzee."

Mzee naye akacheka. Akasema ile "njoo kesho" itolewe, mashine imtajie mtu siku ya kujibiwa, na siku hiyo yeye atakuwepo bila koti kumwakilisha. Salamu ibaki, ila yeye isimuulize.

Kazi ikapita. Nilishaliona lile begi likirudi uvunguni.

Mzee akiwa mlangoni akageuka. "Injinia, mkaiweke na wilaya nyingine. Huyu kijana mwenye macho atangulie, akakae kwenye benchi lao kwanza."

"Wilaya gani, mzee?" nikauliza, na moyo ulishajua.

Baba mdogo alinipokea stendi ya Tunduru. Alicheka mpaka akakalia begi langu.

Nilichojifunza: ukitengeneza system ya serikali, kaa benchi na wananchi, usikilize wanachoambiwa kweli. Ila usione vizuri sana, watakuhamisha.

Haya, wenye ofisi ambazo mpaka leo mkuu ni koti, uwanja wenu. Vijana muamkie kwanza, ndipo mcomment.