Kicheko Kilichoniangusha

Mkiniona nimekaa chini kabla hamjaanza mazungumzo, msidhani ni uvivu. Naijua midomo yenu, na mimi kicheko kimenilaza chini mara nyingi kuliko homa. Nimeitwa niseme kwa sababu binti wa jirani yetu, Mama Hadija, naye ameanza kuanguka, na mama yake hali wala halali. Mama Hadija, nisikilize mpaka mwisho.

Nilikuwa msichana wa miguu mepesi. Sisi wa Makote, huku juu mlimani, maji tunayafuata bondeni: unashuka jua linachomoza, unapanda na mtungi jua likiwa utosini. Mimi nilifika juu wa kwanza na sikumwaga tone. Acheni nijisifu kidogo.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha na watu wamerudi kutoka porini. Nikaolewa na Bakari, akahamia kwetu kama ilivyo desturi yetu Wamakonde. Ndipo usingizi ukaanza kunivizia. Nilisinzia nikitwanga mtama, mikono ikaendelea kutwanga ardhi, kuku wakala nafaka yote. Niliota macho yangu yako wazi: namwona marehemu bibi yangu ameketi juu ya kinu, na papo hapo nasikia mbuzi wetu analia nje.

Kisha nikaanza kuanguka. Shingo inalegea, taya linashuka, mdomo wa juu wenye ndonya, ule urembo wetu wa mti, unaning'inia, mate yananitoka, magoti yanakwisha nguvu. Niko chini, niko macho, nasikia kila neno, lakini mwili haunitii. Haupiti muda, nainuka mzima.

Nikamzaa Asha. Siku moja nimesimama nimembeba mikononi, akanichekea usoni kwa mara ya kwanza. Nikaanguka naye. Aliangukia kifuani kwangu, hakuumia, lakini mama yangu akamchukua.

"Utamnyonyesha nikiwa nimemshika mimi," alisema. "Kumbeba, hapana."

Niliumia sana. Kila nilipomsikia Asha akilia nyumbani kwa mama, maziwa yalinivuja mpaka nguo ikalowa.

Mganga akapiga ramli, akasema ni shetani wa huzuni aliyeniingia wakati wa vita. "Huyo hapendi furaha," akasema. "Mchekesheni mpaka amtoke." Basi ukoo ukaita mtani. Mnajua wenyewe mtani hana mpaka. Atakutania hata msibani, na ukikasirika wewe ndiye mjinga. Alikuja Saidi, Myao wa Masasi, mchuuzi wa chumvi, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Ninyi Wamakonde," alianza, "mmejenga mlimani, maji mkayaacha bondeni! Aliyewachagulia mahali alikuwa amelewa nini?"

Nikaanguka. Wanawake wakapiga vigelegele, "Shetani anatoka!" Nikainuka, Saidi akaongeza, nikaanguka tena. Siku tatu walinichekesha mpaka viwiko vikachubuka, vikatoka damu. Nikiwa chini nilitaka kupiga kelele kwamba wananiua kwa furaha, ila ulimi ulikuwa mzito.

Siku ya nne Saidi akagoma.

"Mimi simtibu huyu, mimi ndiye ninayemwangusha," alisema. "Jana nilimweleza habari za msiba wa shangazi yangu, alisimama imara. Nilipotania tu, chini!"

Watu wakacheka, wakidhani anaendelea na utani wake.

Wiki ile ile akapita daktari wa Kijerumani akichanja watu ndui. Mama akanipeleka, maana aliogopa malale, na Saidi akafuatana nasi. Daktari alinipapasa nyuma ya shingo akitafuta uvimbe wa malale. Saidi akamweleza kupitia mkalimani habari ya kicheko, akaonyesha na jinsi ninavyoanguka, daktari mwenyewe akacheka.

Mkalimani akatuambia, "Bwana daktari anasema si malale, wala si shetani. Ugonjwa huu ameusoma, lakini dawa hana. Hauui. Alale kidogo mchana, kabla usingizi haujamkamata. Na kicheko kikija, akae chini."

Hauui! Nilifurahi mno, nikaanguka pale pale miguuni pa daktari.

Nikaanza kulala kidogo kila siku. Hata bondeni wenzangu walinisubiri, nalala kichakani mtungi uko pembeni, naamka, tunapanda. Usingizi ukapunguza kunivizia. Ndipo nikaenda kwa mama, nikakaa mkekani, mgongo ukutani, miguu nimenyoosha.

"Shikamoo mama. Nipe mwanangu."

"Marahaba. Na akicheka?"

"Nimeshakaa, mama. Nitaanguka wapi tena?"

Akanitazama. Akamweka Asha pajani pangu, akapiga magoti karibu, mikono tayari. Asha akaitazama ndonya yangu, akacheka kicheko kile kile. Shingo ikalegea, kichwa kikaegemea ukuta. Sikuweza kusema neno, lakini niliusikia uzito wake wote mapajani, ametulia, anachezea vidole vyangu. Niliponyanyua kichwa, mama alikuwa amerudi kwenye ungo wake, anapepeta mtama.

Leo Asha anashuka bondeni na mtungi wake mwenyewe. Mimi bado naanguka, siwadanganyi. Namshukuru Mungu, namshukuru mama, na Saidi namshukuru ingawa chumvi yake ina mchanga. Mama Hadija, usiwafungie watani mlango, wala usimnyime mwanao kicheko. Mtandikie mkeka kwanza, halafu chekeni nyote.