Fungu la Kompyuta Mvivu

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, na chumba changu cha barafu hapa Msambweni nimekijenga kwa mikono hii. Kina mama wauza samaki huniachia mali yao wakalala usingizi, kwa sababu wananijua. Sikuzoea kushindwa kuelewa kitu nilichokinunua mwenyewe. Hii kompyuta imenishinda.

Binti yangu ndiye anayeitunza. Aliniambia ndani yake zimo kompyuta ndogo tatu. Nikazunguka nyuma nikatazama. Moja.

"Si za kushika, baba."

Moja hutazama kamera za lango. Moja huandika samaki wa nani wameingia. Ya tatu hupima baridi ya chumba, joto likipanda hunipigia simu. Zote zinagawana memori ya ile kubwa, na kila moja hudhani ina memori yake peke yake.

"Basi umezidanganya," nikamwambia.

Akacheka. Akanieleza kwamba memori ikiwa haba, ile kubwa hupuliza puto ndani ya ndogo isiyo na kazi nyingi. Puto likijaa, ndogo husongwa, ikaachia memori apewe mwenzake. Puto lenyewe sikuliona. Nilichokiona kwenye kioo ni kuwa ile ya baridi imewekewa fungu lake la memori lisiloguswa, na kutwa nzima imekaa tu.

"Mvivu hawekewi fungu kwangu. Liondoe."

"Baba, hilo nimeliweka kwa ajili ya siku ya—"

"Kompyuta ni ya nani?"

Akaliondoa.

Siku chache baadaye niliongeza kamera nne. Asubuhi moja nafungua chumba, baridi hainipigi usoni. Mtambo wa baridi ulikuwa umezima, na simu yangu haikulia hata mara moja. Binti akaja akatazama. Kamera zilitaka memori, kubwa ikapuliza puto ndani ya ile ya baridi, ikaikamua mpaka haikuweza hata kuniita.

Mle ndani mlikuwa na nguru wa mama mmoja wa Mwabungo, wa harusi ya mwanawe kesho yake. Nikamwita. Akafunua matamvua, akanusa, akaminya.

"Hawa ni wa kuliwa leo, mzee. Kesho niwalishe wakwe maradhi?"

"Unajua, hii kompyuta—"

"Mimi sikuiachia kompyuta samaki. Nilikuachia wewe."

Nikachukua ufunguo wa pikapu.

"Nilirudishe fungu lake?" binti akauliza.

"Rudisha."

Nikaenda Vanga, na barabara ile ilivyo, kumtafutia nguru wengine. Njia nzima kichwa kinanizunguka. Kompyuta ya ndani haishikiki, puto halionekani, memori sijui ni kitu gani, lakini nguru walioharibika ni nguru wa kweli. Na ile isiyofanya kazi ndiyo niliyokuwa nikiihitaji kuliko zote. Vipi?

Nilipata saba. Yule mama alitaka kumi. Akawapokea, akawahesabu mbele yangu, akaingia ndani kwake. Habari ya puto sikuigusa.