Kano Zilizobanduka

Tas.

Sauti yenyewe haikuzidi hapo. Ilikuwa ndogo kama kijiti cha kiberiti kinapovunjika. Lakini mpaka leo nikisikia kitu chembamba kikikatika, hata ganda la karanga, mabega yangu hupanda yenyewe. Ulikuwa upinde wa babu uliolia hivyo mikononi mwangu, na siku yoyote kaka yangu angeweza kuitwa auchukue aende nao kuwafuata wezi wa ng'ombe.

Kwetu ni Gesima, kule juu ambako ukungu hukaa shambani mpaka saa nne. Miaka ile Uhuru ulikuwa bado mchanga, na wezi walikuwa wakija walivyotaka. Mayowe yakipigwa, kila boma lilitoa mwanamume na silaha yake. Boma letu lilikuwa na mmoja tu wa kutoa: kaka, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na miguu mirefu kama ya korongo. Baba alikuwa kibarua mashamba ya mbali. Babu macho yalikuwa yameingia ukungu, na magoti yake alikuwa akiyaita "wazee wenzangu."

Pinde nyingi za majirani zilikuwa mti mtupu. Wa babu ulikuwa na mgongo wa kano. Alizitoa kwenye miguu ya fahali, akazikausha, akazipondaponda kwa jiwe na kuzichambua nyuzi nyuzi kama nywele, kisha akazibandika kwa gundi ya ngozi upande ule unaomtazama adui. Mti peke yake ukivutwa sana huvunjika. Kano ndizo huushika. Na kano zenyewe huchukia mambo mawili, unyevu na joto kali, kwa hiyo upinde ule ulihitaji mlezi kama mtoto.

Babu alinichagua mimi, msichana wa miaka kumi na mitatu, nimeshaacha shule darasa la nne.

"Mvulana ukimpa atataka kuuvuta tu," alisema. "Wewe una mkono mwepesi. Utautunza."

Nikautunza kweli. Niliupaka mafuta ya mkia wa kondoo. Niliutundika darini penye moshi, si juu ya moto wenyewe. Mara moja kwa mwezi niliupasha polepole, nikatia mguu ndani, nikaupinda kwa goti na kufunga upote, ile kamba yake, tuone kama bado una nguvu. Kisha ilibidi niulegeze papo hapo. Hapo babu hakutaka mchezo. "Upinde uliofungwa ni mtu aliyesimama," alikuwa akisema. "Hebu msimamishe mtu siku tatu, uone."

Sasa, mimi nilikuwa mtu wa ndoto. Dukani kulikuwa na redio, na nikitumwa chumvi nilikuwa nachelewa makusudi nisikilize nyimbo. Siku moja nikagundua kwamba ukiegemeza ncha ya upinde mdomoni na kuugonga upote kwa kijiti, kichwa chote kinaimba. Ndani ya kichwa changu watu walikuwa wakinipigia makofi, na mtangazaji akisema, "Huyo ni binti kutoka Gesima." Utamu ule ukanilevya. Jumatatu ya wiki ile ya mvua nikaufunga upinde bila kuupasha, nikaimba nao, kisha nyanya akaniita nikachume maua ya pareto. Badala ya kuulegeza nikausukuma chini ya kitanda changu, kwenye sakafu ya udongo, nipate kurudia jioni. Jioni nikarudia. Jumanne nikarudia. Ulikaa pale siku mbili umesimama, udongo ukiupumulia unyevu.

Jumatano nikauvuta kidogo, nione kama sauti itapanda. Tas.

Nikaupeleka mlangoni penye mwanga. Karibu na mshikio, kano zilikuwa zimeachana na mti urefu wa kidole changu. Nikabonyeza, zikashuka. Nikaachia, zikainuka tena kama mdomo unaotaka kusema.

Ningemwambia babu saa ile. Nilikwenda hata nikasimama mbele yake. Akaniuliza, "Mtoto wetu hajambo huko juu?" akimaanisha upinde. Nikajibu, "Hajambo." Akacheka kwa furaha, nami nikatamani ardhi inimeze.

Ijumaa nyanya alipoondoka kwenda mtoni, nikachemsha vipande vya ngozi kuukuu kwenye kisufuria kilichokatika sikio mpaka vikawa gundi. Nikapaka chini ya kano, nikabana kwa kamba za mgomba, nikazungusha mara nyingi. Nilijua gundi ile hutaka siku nyingi ikauke, na kesho yake kamba zifunguliwe na kukazwa upya, maana kano hunywea. Lakini jua lilikuwa linashuka.

"Moto huo wa nini tena?" nyanya akapaza sauti kutoka uani. "Sabato inaingia! Unataka malaika wakukute na masizi?"

Nikaupandisha darini haraka, mgongo ukielekea ukutani. Usiku kucha niliomba ombi moja: wezi nao waishike Sabato.

Hawakuishika. Kesho yake kanisani, mahubiri yalikuwa yamefika katikati mayowe yalipopanda kutoka bondeni, ya wanawake kwanza, kisha ya kila mtu. Wanaume wakatazamana. Mzee wa kanisa akafunga Biblia yake taratibu, akasimama.

"Ndugu zangu, ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato?"

"Hutolewa!" walimjibu, wengine tayari wako mlangoni.

"Basi hawa wametumbukia."

Kaka alitoka kama swala. Nikapita katikati ya akina mama, nikakata kupitia migombani, nikaanguka, nikaamka na matope mdomoni. Nilipofika alikuwa tayari chini ya dari, ameshika upinde, anachana kamba zangu kwa meno.

"Nani amefunga upinde kama ndizi za kuivisha?"

Langoni majirani wawili walikuwa wakimngoja. "We bwana, unajipamba?" mmoja akapiga kelele. "Wezi watafika kwao wapike, wale, washibe!"

Kaka akatia mguu ndani ya upinde ili afunge upote. Nikasimama mlangoni, mikono nimetanua.

"Usiufunge."

"Toka hapo."

"Kaka, usiufunge. Mgongo umebanduka. Gundi bado mbichi."

Babu, ambaye hakuwa amekwenda kanisani kwa ajili ya magoti, akainuka kitini. Akanyoosha mkono hewani mpaka kaka akampa upinde. Akapitisha kidole gumba mgongoni mwake, taratibu, kama mtu anayesoma barua ndefu. Kikafika pale. Akabonyeza, na tone la gundi likamtokea kwenye ukucha.

"Nani?"

"Mimi. Niliufunga nikawa naimba nao. Nikauacha chini ya kitanda."

Yule jirani mwenye kelele aliangua kicheko kutoka langoni. "Kumbe boma hili linalindwa na mwimbaji!"

Kaka hakucheka. Alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. "Ningeuvuta mbele ya mtu, ukanivunjikia. Unajua hilo? Ningekufa nimeshika kuni."

"Najua."

"Umejua tangu lini?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. "Jumatano," nikasema.

Kaka akanipa kisogo. Kisha akachukua rungu la babu na panga la kukatia majani ya ng'ombe, panga butu ambalo hata boga lilikuwa likilicheka, akatoka. Babu akamfuata kwa sauti: "Kaa nyuma ya wenye mishale! Nimesema nyuma!"

Mchana ule ulikuwa mrefu. Nyanya aliketi uani, chakula cha Sabato kimefunikwa, hakuna aliyekigusa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kila mara mbwa alipobweka mbali, nyanya alishika ukingo wa kitenge chake, nami nikahesabu vidole vyangu, kumi, kumi tena, kumi tena. Mvua ikaja ikapita. Babu alikuwa na upinde mapajani.

Saa kumi wakarudi. Wezi walikuwa wameachia ng'ombe vichakani kabla ya mto na kukimbia, lakini si kabla ya kurusha mishale. Yule jirani mcheshi alikuwa na shati lililofungwa begani, damu imepenya. "Mwimbaji!" akaniita, ana maumivu lakini hakuacha mdomo. "Mshale umekosa moyo. Nitungie wimbo basi." Kaka alikuja nyuma ya wote akiswaga ndama wawili, mzima, bila hata mkwaruzo. Nililia kwa sauti, sikujali nani ananiona.

Yeye alipita kando yangu. "Wanaume wenzangu wanapigana, mimi nachunga ndama," alimwambia nyanya, akaingia kwake, akafunga mlango.

Jua lilipozama, babu akaniita.

"Kano zote zitoke," alisema. "Si zile tu. Gundi ikishanyonya maji hapa, imenyonya na pale. Utaziondoa wewe, kwa maji ya vuguvugu, usikwangue mti. Tutaanza upya."

"Utakauka lini, babu?"

"Kwa mvua hii? Miezi miwili."

"Na mayowe yakipigwa kesho?"

Aligeuza uso upande wa moto. Akasogeza ukuni ndani zaidi.

Jumapili niliamka kabla ya nyanya. Panga lilikuwa limeachwa nje, limelala kwenye matope chini ya ukuta. Nikalibeba mpaka kwenye jiwe la kunolea nyuma ya zizi, nikalimwagia maji, nikaanza. Nilinoa upande mmoja, nikageuza upande wa pili, nikajaribu kwa unyasi mmoja, haukukatika, nikarudi kwenye jiwe. Vidole viliganda kwa baridi. Ng'ombe walinitazama huku wakicheua. Jua lilipotoka juu ya mashamba ya chai, unyasi ulikatika kwa kuguswa tu. Nikalifuta panga kwa gauni langu, nikalipaka mafuta ya kondoo kidogo, nikaliegemeza kwenye mlango wa kaka, mpini ukiwa upande wa mkono wake wa kulia.