Managu Niliyoyarudisha Mlangoni

Mwanangu, siku niliyomrudisha mama mkwe wangu mlangoni naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Ilikuwa miaka ya sitini. Nilikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi River Road, nimemaliza sekondari, na tulikuwa tumepanga chumba Kilimani, nyuma ya nyumba ya watu wenye magari. Mke wangu, Wanjiru, alikuwa na mimba ya kwanza.

Mama yake alitoka shambani na kiondo cha mboga za kienyeji, managu na terere. Nikaona haya. Majirani wangesemaje?

"Mama," nikamwambia, "hapa ni mjini. Hayo ni majani ya kandokando ya ua. Sisi tunakula mkate."

Hakujibu. Kwetu mama mkwe habishani na mkwe wake. Akajitwika kiondo chake, akaenda. Nami, kijana mjinga, nikadhani amenyamaza kwa kuwa nina haki.

Basi ikawa mkate mweupe na chai asubuhi, mkate na chai jioni. Wanjiru akaanza kutafuna odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni.

"Sasa umekuwa kuku?" nikamtania.

Akacheka kidogo. "Kamau, nina hamu ya managu."

Nikamletea chupa ya dawa ya nguvu.

Kliniki, nesi alimvuta ukope wa chini, kisha akanigeukia mimi. "Bwana karani, damu ya huyu mama iko wapi? Anakula nini?"

Nikamweleza, tena kwa fahari. Akatikisa kichwa. "Madini ya chuma yamo kwenye mboga unazozidharau. Vitamini za kumjenga mtoto zimo humo humo. Na hiyo chai ya kila mlo inazuia hata kile kidogo anachopata."

Tulikuwa tumechelewa. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, akaishi siku mbili. Sijui kwa hakika kama mboga zingemwokoa. Najua tu kwamba zilifika kwangu nikazikataa. Mama mkwe alikuja mazishini, na hata siku hiyo hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo, mwanangu, mwenye mimba mpe mboga za majani, maharagwe na matunda, na akitamani kitu, msikilize kabla hujamcheka. Mkubwa akinyamaza mbele yako, usidhani amekubali, muulize. Mungu aibariki nyumba yako, na watoto wako wakue hadi wakuzike wewe.